Waliokaa Mkekani Riyadha

Kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu, hakina maji matamu. Visima vyake vingi ni vya maji ya munyu, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za watu wa Takwa kuuhama mji wao karne ya 17 na kuvuka mkondo kwenda Shela, kisiwani Lamu. Msikiti wao wenye nguzo juu ya kibla ungali umesimama kule, pamoja na kaburi la mnara na mabaki ya ukuta wa mji, na watu wa Shela hawajaacha kwenda kuomba mvua penye kaburi hilo. Hata baada ya kuhamwa, Manda haikuachwa ipumzike. Ilibaki kuwa machimbo na konde ya waliokaa ng'ambo. Matumbawe yake yalikatwa yakapakiwa majahazini, yakajenga majumba ya mtaa wa Mkomani ambayo dunia nzima inayasifu tangu UNESCO iutie mji wa Lamu katika orodha ya urithi mwaka 2001. Aliyelima Manda na mashamba ya bara katika karne ya 19, akakata jiwe, akajitwika boriti za mikoko, kwa kawaida alikuwa mtumwa. Jumba likiisha kujengwa, yeye hakulala ndani yake.

Naanza na mtu huyo kwa sababu Riyadha ilianza naye. Msikiti wa Riyadha na chuo chake, katika mtaa wa Langoni mjini Lamu, vimetimiza zaidi ya miaka 120, na katika kuviadhimisha tumezoea kuanzia kwa walimu: nasaba zao, ijaza zao, karama zao. Nasaba hizo zinastahili heshima. Lakini kilichokifanya chuo hiki kuwa jambo kubwa katika pwani yetu ni orodha ya waliokubaliwa kukaa mkekani. Vitabu vilivyosomeshwa Riyadha vilikuwa vikisomwa Lamu, Siyu na Pate kabla ya Riyadha kuwako. Wasomaji wa namna ile hawakuwako.

Elimu ya dini katika Lamu ya karne ya 19 ilikuwa mali ya ukoo, kama ilivyokuwa nyumba na shamba. Mkomani, upande wa kaskazini wa mji, ndiko walikokaa waungwana wa majumba ya mawe. Huko ndiko walikokaa wanavyuoni, na darasa zilifanyika sebuleni na katika misikiti ya mitaa, baba kwa mwana na ami kwa mpwa. Mtoto wa kiungwana alihitimu Kurani, akaendelea na fiqhi na nahau, akaoa ndani ya daraja yake. Mtumwa alifundishwa ya kumtosha kuswali, na wengine hata hayo hawakuyapata sawasawa. Kumpa zaidi ya hapo kulionekana ni kuharibu mpangilio, kwa maana elimu ilikuwa moja ya alama za kumtenga muungwana na asiyekuwa muungwana. Mtumwa akiweza kumsahihisha bwana wake irabu ya aya, bwana atabaki na nini?

Katika mji wa namna hiyo alifika Sayyid Swaleh bin Alawi Jamalilleil, ambaye Lamu yote ilikuja kumwita Habib Swaleh. Alitoka Ngazija. Ukoo wake ulikuwa umepitia Pate kabla ya kwenda Komoro, kwa hiyo hakuwa mgeni kabisa katika visiwa hivi. Hata hivyo kwa macho ya Mkomani alikuwa kijana wa kuja, Mngazija, na Wangazija wa Lamu walikaa Langoni, upande wa kusini, kwenye vibanda vya udongo na makuti. Huko walikaa pia Washihiri wa Hadhramaut waliofungua vijiduka, Wabajuni wa visiwa vya kaskazini, wagema, na watumwa pamoja na walioachwa huru. Habib Swaleh alisoma kwa wanavyuoni wa mji. Miongoni mwa wakubwa waliomuunga mkono alikuwako Sayyid Mansab, mwanachuoni na mshairi ambaye hakuna wa Mkomani aliyeweza kumdharau. Lakini alipokwisha kusoma, Habib Swaleh alikwenda kusomesha Langoni.

Alianza kwa dawa. Alijua tibabu ya miti na ya dua, na waliomwendea walikuwa wale wasiokuwa na pengine pa kwenda. Mtu mwenye jeraha la shoka au homa ya shambani alifika, akatibiwa, akaketi, akasikia darasa. Kesho yake akarudi bila ya ugonjwa. Nadhani hapa ndipo palipo siri ya chuo kile: mlango wake wa kwanza ulikuwa wa haja, na mwenye haja haulizwi babu yake ni nani. Darasa lilipokua likapata kibanda chake, na mwanzoni mwa karne ya 20 ukasimama msikiti kwenye mchanga wa nje ya mji, ukaitwa Riyadha kwa kufuata msikiti wa jina hilo huko Seiyun, Hadhramaut, uliojengwa na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi. Huyu al-Habshi naye alikuwa na ribati yake Seiyun, yenye kupokea wanafunzi wa kutoka mbali na kuwalisha, na mfano huo ndio uliovuka bahari ukaja Lamu.

Angalia tarehe. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari. Utumwa wenyewe katika pwani ya Kenya ulifutwa kwa sheria mwaka 1907. Kwa hiyo darasa la Habib Swaleh lilikuwa likiendelea, na msikiti umekwisha kujengwa, wakati baadhi ya waliokaa ndani yake walikuwa bado ni mali ya watu kwa mujibu wa sheria ya nchi. Serikali ilipowaachilia haikuwapa shamba, wala nyumba, wala jina. Wengi waliyaacha makonde ya Manda na ya bara wakaingia mjini kutafuta kibarua, na mji haukuwa na pahala pa kuwaweka. Kilichokuwa kimekwisha kuwaandalia pahala ni chuo. Mtu aliyekuwa akiitwa "mtumwa wa fulani" aliweza kutoka Riyadha akiitwa mwalimu, na katika mji wa Kiislamu cheo hicho hakiondoleki kwa urahisi, kwa sababu anacho kifuani.

Darasa lenyewe halikuwa na madawati wala mgawanyo wa umri. Mwalimu huketi, wanafunzi wakamzunguka juu ya mkeka, kila mmoja na kitabu chake au wawili kwa kitabu kimoja. Husomwa kipande kifupi cha Kiarabu, tuseme mlango wa twahara katika Safinat al-Naja. Mwalimu akasimama, akakifafanua kwa Kiswahili neno kwa neno, kisha mwanafunzi akakirudia chote, Kiarabu na maana yake, mpaka kimkae. Mwenye kusoma Ajurrumiyya anakaa karibu na anayeanza alifu kwa kijiti. Mtu mzima mwenye sugu za jembe mikononi anarudia irabu baada ya mtoto wa miaka tisa, na hakuna anayecheka, kwa kuwa wote wanajua kwamba kesho zamu itakuwa ya mwengine. Usomeshaji huu ulikuwa wa kawaida katika pwani nzima, na nimeueleza kwa sababu ya jambo moja: ulimwezesha mtu asiyewahi kuingia chuoni utotoni aanze akiwa na miaka thelathini bila ya kuonekana amechelewa. Shule za serikali, zilipokuja na madarasa yao ya umri mmoja umri mmoja, hazikuwa na nafasi ya mtu huyo.

Mkomani hawakunyamaza. Hasira yao, kama ilivyosimuliwa na wazee na kuandikwa na watafiti, ilikutana kwenye ngoma. Lamu ilikuwa ikisoma Maulidi ya Barzanji, kwa utulivu, watu wamekaa. Habib Swaleh alileta Maulidi ya al-Habshi, *Simt al-Durar*, na akayasoma kwa matari ndani ya msikiti. Kwa waungwana hii ilikuwa fedheha: matari ni ya ngomani, na ngomani ni kwa watumwa. Hoja iliwekwa kwa lugha ya fiqhi, je, yafaa kupiga matari msikitini? Maulamaa walijibizana kwa heshima zote. Lakini kila mtu mjini alijua kwamba jambo la nyuma ya swali lile ni wale waliokuwa wameshika matari. Mtu aliyekuwa akicheza uwanjani usiku kwa kuwa hakuwa na ruhusa ya kuingia kwengine, sasa anapiga mkono ule ule mbele ya kibla, akimsifu Mtume, na masharifu wamekaa naye safu moja.

Habib Swaleh hakurudi nyuma. Ngoma za watu wa Langoni hazikufukuzwa Riyadha. Zilipewa uwanja nje ya msikiti, na mpaka leo, katika wiki ya Maulidi mwishoni mwa mfungo sita, goma, kirumbizi, chama na uta huchezwa pale pale mbele ya mlango, wazee wa kanzu nyeupe wakiyumba na bakora zao polepole. Ijumaa ya mwisho huenda zefe hadi makaburini kumzuru Habib Swaleh, na katika zefe ile utaona watoto wa vyuo vya pwani nzima na bendera zao. Maulidi yaliyokuwa yakipingwa ndiyo yanayoitambulisha Lamu ulimwenguni. Wajukuu wa waliokasirika wanayasoma kwa matari, na sijui ushindi mwengine wa kidini katika pwani hii uliopatikana bila ya mtu kulazimishwa kama huu.

Habib Swaleh alifariki katikati ya miaka ya 1930, chuo kikashikwa na wanawe, na orodha ya wanafunzi ikaanza kubadilika kwa namna nyengine. Kizazi cha kwanza kilikuwa cha Langoni na mashamba yake. Cha pili kilikuja kwa bahari na kwa mto. Walikuja Wapokomo wa Mto Tana, Wagiriama, Wabajuni wa kaskazini, Wangazija, watu wa Tanganyika, na baadaye hata wa Uganda na Kongo. Wengi wao walikuwa Waislamu wa kizazi cha kwanza au cha pili, watu ambao katika miji mikongwe ya pwani waliweza kuswali safu ya mbele na bado wakahesabiwa wa bara. Kwao Riyadha ilikuwa na kitu ambacho chuo cha nyumbani kwa mwalimu hakikuweza kuwa nacho: pa kulala na chakula. Sadaka na wakfu ndivyo vilivyowalisha. Mtoto wa mkulima wa Tana asingeweza kusoma miaka kadhaa Lamu kwa kulipa.

Peter Lienhardt, mwanaanthropolojia yule yule aliyetuhifadhia *Swifa ya Nguvumali* ya Hasani bin Ismail, aliandika makala juu ya chuo hiki mwaka 1959, na aliona kwamba huwezi kukieleza bila ya kueleza madaraja ya watu wa mji. Baada yake alikuja Mmisri, Abdul Hamid el-Zein, ambaye kitabu chake cha mwaka 1974, *The Sacred Meadows*, ndicho kilichoingia ndani zaidi katika ugomvi wa Mkomani na Langoni. Kwa wote wawili, Riyadha ni mlango wa kuingilia katika swali la nani alikuwa nani Lamu.

Wanafunzi waliohitimu walirudi makwao wakafungua vyuo, na vyuo hivyo vikatoa vyengine. Ukisafiri kutoka Lamu kushuka Mambrui, Malindi, Mombasa, ukapanda Tana, utakuta mtaala wa Riyadha, Maulidi ya Riyadha, na mara nyingi sauti ya Riyadha, kwani mtu aliyejifunza kusoma qaswida Lamu anajulikana kwa namna anavyoivuta. Wengi wa walimu hao hawakuwa masharifu wala waungwana. Walikuwa watoto wa wavuvi, wakulima na waliokuwa watumwa, na ndio walioingiza elimu vijijini ambako mwanachuoni wa Mkomani hakupata kulala hata usiku mmoja.

Lazima niseme pia pale ambapo usawa ule ulikomea. El-Zein alionyesha, na nadhani alikuwa sahihi, kwamba daraja hazikuvunjika, zilipangwa upya. Muungwana alishushwa, na aliyepanda juu yake ni sharifu. Mtumwa wa jana aliweza kuwa mwalimu, akaheshimiwa, akasomesha watoto wa waliokuwa mabwana, lakini uongozi wa chuo ulibaki katika ukoo wa mwanzilishi, na mkono unaobusiwa ulibaki ule ule. Wapo watakaonijibu kwamba huo ni utukufu wa nyumba ya Mtume na si suala la daraja. Naiheshimu imani hiyo. Bado naona kwamba anayeisimulia Riyadha kama pahala palipomaliza ubaguzi wote anawanyima haki wanafunzi wale, kwa sababu anaficha kazi waliyobaki nayo baada ya kuhitimu: kuoa walikotaka, kuozesha, kumiliki, kuzikwa na kutajwa.

Na bweni lilikuwa la wanaume. Wanawake wa Lamu walisoma na walisomesha, majumbani, na usiku wa Maulidi walijaa viambazani kusikiliza. Visiwa hivi ndivyo vilivyomtoa Mwana Kupona wa Pate, kwa hiyo haiwezekani kusema elimu iliwakimbia. Lakini mkeka wa Riyadha, ambao uliweza kumkaribisha mtumwa na mgeni, ulichelewa kutandikwa kwa ajili yao.

Chuo kina kumbukumbu nyengine ya wanafunzi wake, nayo ni vitabu. Riyadha ina mkusanyiko wa hati za mkono zaidi ya 100, nyingi za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, ambazo zilipigwa picha katika mradi wa kuhifadhi hati zilizo hatarini ulio chini ya Maktaba ya Uingereza. Mtafiti Anne Bang na wenyeji wa chuo walikuwa katika kazi hiyo. Baadhi zililetwa kutoka Hadhramaut, nyengine zilinakiliwa hapa hapa. Thamani yao kubwa kwangu iko pembeni ya kurasa. Anayenakili kitabu huandika jina lake na tarehe. Anayekinunua huandika kwamba sasa ni chake. Anayekiweka wakfu huandika kwamba kisiuzwe wala kisirithiwe. Halafu pembezoni, kwa mwandiko mdogo, mwanafunzi ameandika maana ya neno lililomshinda. Mwandiko ule mdogo haukuwekewa jina. Ni wa mtu aliyekuwa akijifunza, na pengine ndiyo alama pekee aliyoiacha duniani kwa kalamu.

Lamu yenyewe imebadilika: wilaya imekuwa kaunti, na watu wake wameongezeka kutoka 101,539 katika sensa ya 2009 hadi 143,920 katika ile ya 2019. Manda sasa ndiko kuliko uwanja wa ndege. Mgeni wa Maulidi anayekuja kwa ndege hutua kisiwani, mizigo yake ikasukumwa kwa mkokoteni mpaka gatini, akaingia botini kuelekea mjini. Nyuma ya uwanja huo, ndani zaidi, kuna Maweni. Wakazi wake wengi walitoka magharibi mwa Kenya, Wajaluo hasa, wakaja kukata jiwe. Wanafanya kwa mtaimbo na shoka kazi ile ile iliyofanywa na watumwa: kulichimbua tumbawe, kulichonga mraba, kulibeba hadi pwani, kulipakia. Jiwe linakwenda kujenga mahoteli na nyumba za likizo za Shela, na majumba ya Lamu yanayokarabatiwa. Maji ya kunywa Maweni ni taabu ile ile iliyowahamisha watu wa Takwa. Kuna shule ya msingi, na watoto wake wanazungumza Kijaluo nyumbani na Kiswahili kizuri cha kisiwani nje.

Dini yao kwa wingi ni nyengine, na simaanishi kwamba waende Riyadha. Ninachosema ni kwamba swali alilojiuliza Habib Swaleh, ni nani katika mji huu anayefanya kazi ambayo hakuna mwengine anataka kuifanya, na mtoto wake anasoma wapi, lina jibu jipya, na jibu hilo liko upande wa pili wa mkondo. Lamu yenye kujivunia Langoni ya 1900 haiwezi kuitazama Maweni kama kambi ya wapita njia. Mtoto aliyezaliwa Manda, baba yake akakata mawe ya Shela miaka ishirini, ni mtoto wa Lamu, na elimu yake ya sekondari ni deni letu kwake.

Kwa Riyadha yenyewe, maadhimisho yangekamilika kwa kazi moja ambayo bado inawezekana. Nasaba za walimu zimeandikwa, zimechapishwa na zinasomwa. Za wanafunzi hazijaandikwa. Langoni wako wazee ambao baba zao walisoma kwa Habib Swaleh au kwa wanawe, na wanajua nani alitoka shamba gani, nani alikuja na mama yake kutoka Hindi ya upande wa bara, nani alikuwa mkata mawe Manda kabla ya kuwa imamu. Katika vijiji vya Tana wako wanaoweza kutaja mwalimu wa kwanza aliyerudi kutoka Lamu, na aliyemfundisha, na walioanza naye. Wapelekwe vijana wa chuo wawili wawili, na daftari na simu ya kurekodia, waanze Langoni mfungo sita huu watu wakiwa wamekusanyika kwa Maulidi, kisha waende Mambrui, Ngao na Garsen. Waulize jina, kijiji, kazi ya baba, mwaka wa kuingia, vitabu vilivyosomwa, na chuo kilichofunguliwa baadaye. Wakirudi, daftari hizo ziwekwe kabati moja na zile hati za mkono, ziandikwe wakfu kama zilivyoandikwa zile.